Shoka la kuchanja kuni nyumbani: tazama kuni zako kabla ya kwenda dukani

Anzia uani, kwenye lundo lako la kuni. Mti ndio unaoamua chombo, na ukienda dukani hujui unachanja mti gani, utauziwa shoka la kung'aa tu.

Huku kwetu Njombe tunachoma zaidi mwati na mkaratusi, na tabia zao haziko sawa. Mwati, uliopandwa kwa wingi huku kwa ajili ya magome yake ya kusindikia ngozi, una nyuzi zilizonyooka. Ukiupiga vizuri unafunguka mpaka chini. Mkaratusi unakubali ukiwa mbichi, lakini ukikauka huku nyuzi zake zimejisokota, utapiga mpaka mabega yaume. Kwa hiyo mkaratusi uchanje mara tu unapokatwa, ndipo uuanike. Vipande vilivyochanjwa hukauka haraka kuliko gogo zima, na kuni kavu ndizo zinazokuokoa na moshi jikoni baridi ya Juni na Julai ikiingia.

Kama unachoma matawi ya mparachichi au mgrivea yasiyozidi unene wa kifundo cha mkono, usinunue shoka. Panga linatosha, hata kwa kuchonga vibanzi vya kuwashia moto. Ila panga lisiguse gogo. Bapa lake ni jembamba, linazama na kunasa, na ukilivuta kwa nguvu ndipo linapochomoka kuelekea gotini.

Sasa shoka lenyewe. Lishike kichwa kikuelekee, ulitazame kutoka juu. Shoka la kuangushia miti ni jembamba kutoka kwenye makali hadi karibu na kisogo, kwa sababu kazi yake ni kukata nyuzi. La kuchanjia linatakiwa kuwa na mashavu: linaanza na makali, kisha linapanuka upesi. Hayo mashavu ndiyo yanayosukuma gogo lifunguke pande mbili. Shoka jembamba likipigwa kwenye gogo nene linaingia na kubaki humo humo, na kulitoa ni kazi kubwa kuliko kuchanja.

Uzito nao una kiasi chake. Mashoka mengi ya dukani yamegongwa namba ya pauni kichwani. Kwa mwanamke mwenye mwili wa kawaida, au kijana wa sekondari, pauni 3 na nusu hadi 4 zinafaa, yaani kilo 1.6 hadi 1.8 hivi. Wauzaji wanapenda kutuambia akina mama tuchukue dogo kabisa. Dogo mno linakuchosha zaidi, kwa maana nguvu yote inatoka kwenye mikono yako. Zito mno nalo, ukishindwa kulielekeza, ni hatari kwa miguu. Dada yangu, ukiweza kuliinua juu ya kichwa mara kumi mfululizo pale dukani bila mikono kutetemeka, hilo ni lako.

Shoka la mhunzi, lile la chuma cha springi ya gari ambalo mkia wake unatoboa kichwa cha mpini, nalipenda. Chuma chake ni kizuri, na kila unapopiga, mkia unazidi kukaza. Kwa mwati wa ukubwa wa paja linatosha kabisa. Kwa gogo nene halina mashavu ya kutosha, na mwisho mkia huo huo hupasua mpini.

Mpini usiuchukulie kwa wepesi. Kataa uliopakwa rangi, kwa sababu rangi huficha fundo na ufa. Tazama ncha yake ya chini: mistari ya mti ifuate uelekeo wa makali, isiukate mpini kwa upana. Mpera ni mti mzuri sana wa mpini, mgumu na usiokatika ovyo. Kwa urefu, shika kichwa cha shoka kiganjani, nyoosha mkono, na mwisho wa mpini ufike kwapani. Kichwa kikianza kucheza, usikilaze kwenye ndoo ya maji kama wengi wanavyofanya. Mti unavimba na asubuhi kichwa kimekaza, lakini ukikauka unasinyaa na kulegea kuliko mwanzo. Pigilia kipande chembamba cha mti mgumu juu, ndani ya tundu.

Kwa magogo yenye mafundo, achana na kushindana nayo kwa shoka. Nunua kabari mbili za chuma na nyundo ya kilo 3 au 4. Moja inafungua ufa, ya pili inaingia pembeni na kuikomboa ya kwanza ikinasa. Anzia kwenye ufa uliopo tayari, karibu na ukingo, wala si katikati. Kisogo cha shoka kisigonge kabari: tundu la mpini hupanuka au kupasuka, na shoka limeisha. Kabari ikichanua kichwani kama uyoga, ipige tupa hadi kingo ziishe, maana vipande vyake huruka na kuingia machoni.

Makali ya shoka la kuchanjia hayahitaji kunyoa nywele. Tupa kidogo, kisha kinoo, yatoshe kuingia kwenye mti bila kuteleza.

Weka gogo pana la kuchanjia, lisilozidi magoti, juu ya udongo. Sakafu ya saruji inaharibu makali. Panua miguu, kunja magoti shoka linaposhuka, ili ukikosa liishie kwenye gogo la chini na si kwenye muundi. Vaa gambuti, kandambili ziache mlangoni, na watoto wakae mbali mbele yako unapowaona, wasipite nyuma. Mashine za kuchanjia ni za shule na hoteli zenye majiko makubwa. Kwa jiko la nyumbani shoka na kabari mbili zinatosha.