SOMO: Kompyuta ya bei nafuu na joistiki kwa michezo ya kurusha ndege (soma kabla ya kuuliza "hii itacheza?")

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila wiki napokea ujumbe uleule. Mtu anatuma picha ya laptop, namba ya prosesa (ubongo wa kompyuta) haionekani, RAM (kumbukumbu ya kazi) haitajwi, halafu swali: "Hii itacheza Flight Simulator?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka yote hapa. Nazungumza na mtu wa bajeti ya kawaida, anayenunua kompyuta iliyotumika Kariakoo, Luthuli Avenue au popote inapouzwa mitumba ya ofisi za Ulaya. Mwenye uwezo wa kuagiza mashine mpya kabisa hana shida na somo hili.

Hatua ya 1: Chagua mchezo kwanza, kompyuta baadaye

Wengi wanaenda kinyume, na ndiyo maana wanaumia. Michezo hii haina mahitaji sawa hata kidogo.

FlightGear ni ya bure kabisa, imekuwepo tangu miaka ya 1990, inatengenezwa na watu wa kujitolea, na inakwenda hata kwenye mashine ya kawaida. Mandhari inajipakua yenyewe unavyoruka.

X-Plane 12 inalipiwa, ila ina toleo la majaribio la bure. Mandhari yake ukishaipakua inakaa kwenye diski yako. Kwa mtu anayeishi kwa bando la simu hilo ni jambo kubwa.

Microsoft Flight Simulator (MSFS) ndiyo nzuri zaidi kwa macho na ndiyo ghali zaidi kuiendesha. Ile ya 2020 kiwango chake cha chini rasmi ni prosesa ya Core i5-4460, kadi ya grafiki (ya kuchora picha) ya GTX 770, RAM GB 8 na diski GB 150. Ile ya 2024 inataka RAM GB 16 na kadi ya GTX 970 kwa uchache, na diski GB 50 tu. Msifurahie hiyo 50. Imepungua kwa sababu sehemu kubwa ya dunia inavutwa kutoka intaneti wakati unaruka. Wenyewe wanataja kasi ya Mbps 10 kama kiwango cha chini na 50 kama inayopendekezwa. Bando la simu litaisha hewani.

Wapenda vita: DCS World unaanza bure na ndege mbili, Su-25T na TF-51D, lakini inakula RAM na diski kwelikweli. War Thunder nayo ni bure, na unaweza kuicheza kwa mausi tu.

Ushauri wangu kwa anayeanza na hana intaneti ya waya: FlightGear ujifunze, kisha X-Plane 12.

Hatua ya 2: Laptop au desktopu?

Desktopu. Kwa pesa ileile unapata nguvu zaidi, na ikiharibika unabadilisha kipande kimoja.

Hatua ya 3: Prosesa

Chukua kizazi cha nane cha Intel au zaidi. Soma namba baada ya kistari: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-6500 ni cha sita. Sababu ni mbili. Michezo ya ndege inaegemea sana kasi ya kiini kimoja cha prosesa, na i5-8500 inafika GHz 4.1 ikiwa na viini sita. Pili, Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia kizazi hicho.

Muuzaji akikwambia "hii ni Core i7 bosi" bila kutaja namba, mwambie aiwashe uisome mwenyewe. i7-2600 ya mwaka 2011 inapigwa na i5-8500 bila ubishi.

Za kutafuta: Dell OptiPlex 5060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M920. Ukiiwasha pale dukani ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuwaka). Ikidai nenosiri, iache hapohapo. Ni mashine ya kampuni ambayo haikufunguliwa, na kuifungua ni kazi nyingine.

Hatua ya 4: Kesi, pawa saplai na kadi ya grafiki (soma hii mara mbili)

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Jirani yangu alinunua Dell nyembamba, ile aina ya SFF, kwa sababu ilikuwa safi na bei imekaa vizuri. Wiki iliyofuata akaja na kadi ya GTX 1060 kwenye mfuko. Tulipofungua kesi, bati la kadi lilikuwa refu karibu mara moja na nusu ya nafasi ya nyuma. Hata tungelikata bati, kadi ile inataka waya wa umeme wa pini sita kutoka pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kesi), na pawa saplai ya mashine ile haina waya huo. "Basi tubadilishe pawa saplai." Haikuwezekana, kwa sababu hizi mashine za ofisi hutumia pawa saplai zenye umbo na plagi zao wenyewe, ile ya kawaida ya dukani haiingii. Muuzaji wa kadi naye akakataa kuirudisha. Kijana akabaki na vitu viwili vizima visivyooana.

Kwa hiyo shikeni haya:

Kesi ndogo kabisa za kukaa nyuma ya monita, zile Micro na Tiny, kwa kazi hii msiziguse. Kesi nyembamba ya SFF inapokea kadi fupi tu, na baadhi zina nafasi ya kadi ya unene mmoja, haziingizi ya unene wa mbili. Kesi kubwa ya kusimama ndiyo ya kutafuta, hata kama itabidi usubiri mzigo mwingine ushuke.

Tundu la kadi kwenye ubao mkuu wa kompyuta linatoa wati 75, mwisho. Kama mashine haina waya wa pini sita, kadi yako lazima iishi ndani ya wati hizo. Zipo: GTX 1050 Ti, GTX 1650, na mpya kidogo RTX 3050 ya GB 6. Jihadharini na GTX 1650, kwani baadhi ya watengenezaji wameiwekea tundu la waya wa ziada, kwa hiyo itazame ubavuni kabla ya kulipa. RTX 3050 ya GB 8 siyo ile ya GB 6, hiyo inataka waya. RX 6400 nayo haitaki waya, lakini kwenye mashine za kizazi hiki inapoteza nguvu kwa sababu inatumia njia nne tu za mawasiliano na ubao.

Msidanganywe na "GB 4". GT 730 ya GB 4 ipo tele madukani, na haiwezi kazi hii.

Na kuna kadi feki. Wanachukua chipu ya zamani, wanaibadilisha jina ndani, Windows inaandika GTX 1050 Ti. Dalili ya wazi ni tundu la VGA, lile la bluu: chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi tena mawimbi ya analogi, ukiliona lile tundu simama hapo. Beba flashi yenye GPU-Z, ni programu ndogo ya bure. Ikigundua udanganyifu inaandika FAKE kwenye jina la kadi.

Hatua ya 5: RAM. GB 16, vipande viwili vya 8, siyo kimoja cha 16.

Hatua ya 6: Diski. SSD. Mashine nilizotaja zina nafasi ya NVMe (SSD ndogo ya kuchomeka moja kwa moja) kwenye ubao.

Hatua ya 7: Monita. 1920 kwa 1080 inatosha. Ukubwa unaoupenda.

Hatua ya 8: Joistiki

Usinunue usukani wa ndege na pedali mwanzoni. Nunua joistiki ambayo mpini wake unazunguka kushoto na kulia, kwa sababu mzunguko huo ndio unaokuwa pedali zako. Logitech Extreme 3D Pro inatosha kabisa kuanzia, ina mzunguko huo na wenzo mdogo wa throtoli (nguvu ya injini). Ukiweza kupanda, Thrustmaster T16000M inatumia sensa za sumaku kwenye mpini, hazisuguani, kwa hiyo haichoki upesi.

Iliyotumika ipime hivi. Ichomeke, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika joy.cpl, fungua sifa zake. Utaona alama ya jumlisha ndani ya kisanduku. Sukuma mpini taratibu hadi pembeni, uachie. Alama lazima irudi katikati na itulie. Ikitetemeka peke yake au ikikaa pembeni, sensa imechakaa. Halafu zungusha mpini, maana sehemu hiyo ndiyo hufa kwanza, na muuzaji hakuoneshi.

Hatua ya 9: Umeme. UPS (betri ya akiba), hata ndogo. Umeme ukikatika katikati ya Windows kujisasisha utanikumbuka.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

*

kinyozi_wa_mbezi: Mkuu nina HP core i3 RAM 4 itapiga MSFS 2024?

Mleta somo: Hapana. Hatua ya 1.

kinyozi_wa_mbezi: Hata nikiweka grafiki za chini?

Mleta somo: Kiwango cha chini ni RAM 16. Wewe una 4.

Chui Mweupe: Mbona hujataja Ryzen? Naona umeegemea Intel tu.

Mleta somo: Nimetaja kinachopatikana kwa wingi kwenye mitumba ya ofisi, na hiyo ni Intel. Sina ugomvi na Ryzen. Ryzen 5 2600 ni prosesa nzuri, ila haina grafiki ya ndani, bila kadi hupati picha. Ukiipata Ryzen 5 5600G, hiyo ina grafiki yake, unaweza kuanza na FlightGear wakati unatafuta pesa ya kadi.

bintiwakisauni: Asante sana kwa somo. Mimi niko Mombasa, nina pedi ya PS4 tayari. Kuna haja gani ya joistiki, au naweza kuanza nayo?

Mleta somo: Anza nayo dada, inafaa. Tofauti utaiona wakati wa kutua. Kidole gumba kwenye pedi kina mwendo mfupi sana, ukigusa kidogo tu pua ya ndege inapanda au inashuka kupita kiasi. Mpini wa joistiki una mwendo mrefu, unaweza kusahihisha kwa kiasi kidogo mno. Kwa sasa ingia kwenye mipangilio, punguza wepesi wa kijiti karibu na katikati, na weka eneo dogo la katikati lisilosikia kitu. Utashangaa ndege inavyotulia. Ukipata joistiki, pedi ibaki ya kugeuza kamera.

fundi simu 255: Nimenunua GTX 1650 nimeweka, skrini nyeusi. Kadi mbovu hii, nairudisha.

Mleta somo: Waya wa monita umechomeka wapi?

fundi simu 255: Palepale pa zamani.

Mleta somo: Hapo ni kwenye ubao. Uhamishie kwenye kadi.

fundi simu 255: Imewaka. Asante.

Kipanga: Joistiki yangu ya Hotas 4 Windows haiioni vizuri, vitufe vingine havifanyi kazi.

Mleta somo: Ina swichi ya PS4 na PC. Iweke PC kabla ya kuichomeka.

rubani_wa_ndotoni: Bei ya jumla ni ngapi mkuu?

Mleta somo: Bei ya leo siyo ya mwezi ujao, siwezi kukuandikia. Ila gawa hivi: karibu nusu ya pesa yako iende kwenye kompyuta yenyewe, theluthi kwenye kadi, iliyobaki joistiki. Monita tumia hata TV ya nyumbani kama ina HDMI. Mtu asiyebakiza kitu cha joistiki huishia kurusha kwa kibodi, na wengi huacha hapo.

Mzee wa Kibera Drive: Naongezea kitu kwa ruhusa yako. Kuna programu ya bure inaitwa opentrack. Inatumia kamera ya kawaida ya kompyuta kufuata kichwa chako. Ukigeuka kushoto, rubani naye anageuka. Inakubali X-Plane na Microsoft zote.

Mleta somo: Nyongeza nzuri sana, mzee wangu. Watu wajue tu inakula prosesa kiasi, na inataka mwanga usoni. Ukikaa gizani inapotea.

Mzee wa Kibera Drive: Kweli. Taa ya mezani inatosha. Na swali langu: nikiruka Cessna kutoka Wilson inaburuta sana njiani kabla ya kunyanyuka. Nikianzia Mombasa iko sawa. Ni kompyuta?

Mleta somo: Siyo kompyuta, ni Nairobi. Wilson uko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini inavuta oksijeni kidogo na bawa linabeba kidogo. Kama umeacha mchanganyiko wa mafuta umejaa kama Mombasa, injini inapewa petroli kuliko hewa iliyopo, inapoteza nguvu. Kabla ya kuondoka funga breki, fungua throtoli yote, halafu vuta wenzo mwekundu wa mchanganyiko taratibu huku ukitazama mizunguko ya injini. Itapanda, ikianza kushuka rudisha mbele kidogo. Kwa Cessna 172 fanya hivyo kwenye uwanja wowote ulio juu ya futi 3,000. Ukikuta hakuna mabadiliko, angalia kwenye mipangilio kama mchezo unakusaidia mchanganyiko wenyewe, uzime msaada huo.

Mzee wa Kibera Drive: Nimejaribu. Tofauti kubwa! Mizunguko imepanda nikiwa bado nimesimama.

mwanafunzi_dom: Mimi nina laptop ya chuo tu, i5 kizazi cha nane, RAM 8, haina kadi. Pesa ya desktopu sina mpaka mwakani. Kuna namna ya kuanza?

Mleta somo: Ipo. Pakua FlightGear, chagua Cessna 172P, shusha grafiki, punguza umbali wa kuona. Anzia Dar, andika HTDA (msimbo wa uwanja wake). Ukinyanyuka kutoka njia ya 05, kata kushoto mpaka dira isome kaskazini na ushikilie futi 3,000. Zanzibar, HTZA, iko mbele yako moja kwa moja, kama maili 40 za baharini, chini ya nusu saa. Njia yao ya 36 inaelekea kaskazini vilevile, kwa hiyo kama upepo unaruhusu unatua bila kuzunguka. Tumia mausi kushika usukani, FlightGear inakubali. Ukikwama kwenye kutua uliza hapahapa, taja kasi uliyokuja nayo na ulishusha mapezi (flaps za bawa) kiasi gani.