Somo: Kumfundisha na kumpanda farasi majira ya baridi

Wapandaji wengi wanaiogopa baridi kuliko farasi wenyewe. Farasi mzima, anayekula vizuri na aliyeota manyoya kamili ya msimu, anaweza kukaa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri bila mwili kuhangaika kutafuta joto. Wale wa Yakutia, kule Siberia, huishi nje msimu wote na kufukua theluji kwa kwato ili wapate majani, na huko baridi hupita nyuzi 50 chini ya sifuri.

Kinachomdhuru farasi ni kulowa. Manyoya makavu husimama na kushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayomkinga. Yakilowa jasho au mvua hulala, kinga ikaisha. Kwa hiyo kabla hujagusa tandiko jiulize: nikimaliza kazi, farasi huyu atakauka vipi, na kwa muda gani? Kama huna jibu, punguza kazi ya siku hiyo.

Hatua ya 1: Mkague kwa mkono

Manyoya ya baridi ni mengi na yanadanganya jicho. Farasi anaweza kukonda mwezi mzima ukimwona bado mnene. Vua glavu, pitisha vidole kwenye mbavu, kisha mgongoni, kisha juu ya makalio. Mbavu zisionekane, lakini ukibonyeza kidogo uzihisi. Kwenye kipimo cha unene wa farasi kiitwacho Henneke, cha mwaka 1983, kinachoanzia 1 hadi 9, hapo ni kama 5. Akiwa chini ya 4, lishe kwanza, mazoezi yasubiri.

Joto la farasi linatoka tumboni. Nyasi kavu zinapochachuka kwenye utumbo mpana huzalisha joto kwa saa nyingi, jambo ambalo nafaka haifanyi kwa kiwango hicho. Mpe nyasi kavu asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 7.5 hadi 10 kwa farasi wa kilo 500. Siku za baridi kali ongeza nyasi, usikimbilie ndoo ya nafaka.

Maji nayo ni hayo hayo. Maji yakiwa ya barafu farasi hunywa kidogo, nyasi zinakaukia tumboni, na hapo ndipo msokoto wa tumbo unapoanzia. Mpe maji yaliyovunjwa ubaridi, na usidhani theluji anayolamba inatosha.

Hatua ya 2: Amua kuhusu manyoya

Manyoya huota kwa sababu siku zinafupika. Mwili wa farasi unasoma mwanga kabla baridi haijafika. Farasi wa kazi nyepesi, mara mbili tatu kwa wiki, mwache na manyoya yake. Anayefanya kazi ya kutoa jasho mara kwa mara, mnyoe sehemu tu: chini ya shingo, kifuani na tumboni, mahali jasho linapoanzia. Ila ukishamnyoa umebeba dhamana. Aliyenyolewa mwili mzima huanza kuhisi baridi kwenye nyuzi kama 5 juu ya sifuri, kwa hiyo blanketi ni lazima, na kila siku livuliwe ili ngozi iliyo chini yake ikaguliwe.

Hatua ya 3: Kwato na ardhi

Theluji laini isiyozidi kifundo cha mguu haina tatizo, kuna farasi wanaoifurahia kabisa. Theluji ya kina inachosha kano haraka kuliko unavyohisi ukiwa juu. Mbaya zaidi ni theluji yenye ganda gumu juu, inakata ngozi juu ya ukwato. Matope yaliyoganda yenye alama za nyayo yanachubua nyayo za farasi. Kwenye barafu tupu usipande kabisa.

Farasi mwenye viatu vya chuma hukusanya theluji chini ya ukwato mpaka inakuwa tonge gumu, naye anatembea juu ya tonge hilo huku kifundo kikipinda kila hatua. Mwombe fundi wa kwato aweke pedi za kuzuia theluji na vijino vya kushika ardhi. Kupaka mafuta ya mgando chini ya ukwato husaidia kwa muda mfupi. Beba kichokoo cha kwato mfukoni, usikiache bandani.

Hatua ya 4: Kabla ya kupanda

Pasha moto lijamu, kile chuma cha mdomoni. Chuma kilichoganda kinanata kwenye ulimi na midomo na kuchuna ngozi, na farasi aliyeumizwa hivyo ataanza kukataa hatamu, nawe utadhani ni ukaidi. Ishike viganjani au itie kwenye maji ya vuguvugu, kisha iguse kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Ikikuuma wewe, itamuuma yeye.

Mkanda wa tandiko uukaze kwa awamu: tundu moja, mtembeze, tundu jingine. Misuli ya baridi haipendi kubanwa ghafla.

Hatua ya 5: Kazi yenyewe

Hapa ndipo watu wanapopoteza msimu. Wanafika, wanazunguka mara mbili, wanaanza kwenda matiti (mwendo wa kudundadunda, wa kasi kuliko kutembea), wanaingia shoti (mbio), farasi analowa, wanamrudisha bandani. Mimi nasema majira ya baridi ni majira ya kutembea. Tembea dakika 15 hadi 20 za mwanzo, blanketi likiwa limefunika makalio, na wakati huo huo mfundishe.

Anza kwa hatamu ndefu, shingo iende chini na mbele. Kisha miduara mikubwa, ukibadilisha upande mara kwa mara. Simama, ondoka, simama tena, mpaka aondoke kwa kuguswa kidogo tu na mguu. Mrudishe nyuma hatua tatu nne bila kuvuta. Msogeze pembeni kwa mguu mmoja, hatua chache, umsifu. Laza miti mitatu minne chini na umvushe akitembea. Atainua magoti, atauinua mgongo, na pumzi yake haitapanda. Mazoezi haya yanajenga misuli ya mgongo na kiuno kuliko dakika nyingi za matiti ya ovyo, na farasi anamaliza akiwa mkavu.

Utajua amepata joto akikoroma taratibu kwa pua, akishusha shingo mwenyewe, na mgongo ukianza kubembea chini ya tandiko. Kabla ya hapo usiombe mwendo mwingine. Baada ya hapo nenda matiti vipindi vifupi, urudi kutembea, uende tena.

Shoti ndefu kwenye baridi kali siipendi. Farasi akipumua kwa nguvu, hewa kavu ya baridi inashuka kabla pua haijaipasha, na njia za hewa zinakauka na kuwashwa. Ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri mimi natembea tu, au nafanya kazi ya chini: kumwongoza kwa kamba, kumfundisha kusimama na kusogea kwa ishara, kumnyoosha shingo kwa kipande cha karoti.

Hatua ya 6: Kumpoza na kumkausha

Dakika 10 za mwisho ni za kutembea. Pumzi ya farasi aliyetulia ni 8 hadi 16 kwa dakika; ihesabu kwa kutazama ubavu. Vua tandiko na papo hapo funika kwa blanketi la sufu, ambalo huvuta unyevu na kuutoa juu. Sugua kwa konzi ya nyasi kavu ukienda kinyume cha manyoya ili yasimame. Gusa sehemu tatu: nyuma ya kiwiko, chini ya mahali palipokuwa na tandiko, na mashina ya masikio. Zote zikiwa kavu mpaka kwenye ngozi, ndipo umvalishe blanketi la kawaida. Blanketi zito lisilopitisha maji juu ya farasi aliyelowa linafungia unyevu ndani.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Uwanja wetu wa ndani una vumbi sana, na tukimwagia maji yanaganda. Tufanyeje?*

Jibu: Tumieni chumvi ya kloridi ya magnesiamu, inashika unyevu na kuchelewesha kuganda. Ila hukausha kwato na ngozi, kwa hiyo osha miguu na uikaushe baada ya kazi. Na tafadhali msifunge milango yote kwa kuogopa baridi. Harufu ya mkojo ikikuwasha macho, mapafu ya farasi yanaumia.

*Swali: Kaka, farasi wangu amepumzika karibu miezi mitatu. Nikianza tena anaonekana ana nguvu nyingi, nimwache akimbie?*

Jibu: Hapana ndugu yangu. Moyo na mapafu hurudi mapema, kano na mifupa huchelewa. Ndiyo maana anajisikia mzima kabla miguu haijawa tayari. Mpe wiki kadhaa za kutembea, ukiongeza dakika kidogo kidogo, ndipo uanze matiti mafupi kwenye ardhi iliyo sawa. Gusa miguu kila asubuhi. Ukihisi joto au uvimbe, simamisha kazi na umwite daktari wa mifugo.

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nimvue viatu msimu huu?*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kama kwato zake ni imara na kazi ni nyepesi, inawezekana, na theluji haitagandamana sana chini yake. Zungumza na fundi wako mapema, kabla ardhi haijaganda, maana ukwato uliovuliwa kiatu unahitaji wiki kadhaa kukomaa.

*Swali: Theluji ikiporomoka kutoka paani farasi wangu mchanga anaruka mpaka nakaribia kuanguka. Nimzoeshe vipi?*

Jibu: Shuka. Siku paa limejaa theluji usimpande, fanya naye kazi ya kamba katikati ya uwanja, mbali na kuta. Ikiporomoka, wewe tulia, pumua, mwache ageuke kuangalia, kisha mwombe kitu rahisi anachokijua, kama kusimama au kurudi nyuma hatua moja. Akishusha kichwa, mpe pumziko. Ukiona anaisikia na kugeuza sikio tu bila kuruka, basi unaweza kurudi juu, na hiyo siku ya kwanza awepo farasi mzee mtulivu pembeni yake.