Kuchagua prosesa mpya kwa simuleta ya urubani

Kabla ya kutoa hela, hakikisha prosesa ndiyo inayokwamisha. Kwenye Microsoft Flight Simulator, washa hali ya wasanidi (Developer Mode), fungua kipimo cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde), kisha egesha ndege kwenye kiwanja kikubwa chenye msongamano. Ikiandika "Limited by MainThread", tatizo ni prosesa. Ikitaja GPU, anza na kadi ya picha.

Usihadaike na wingi wa viini (core), yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi. Kazi nzito huangukia kiini kimoja, hivyo viini 8 vyenye kasi hushinda 16 vya polepole. Kinachosaidia zaidi ni kache ya L3, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa: kwa prosesa za AMD, Ryzen 7 5800X ina MB 32, 5800X3D ina MB 96, na tofauti huonekana hasa wakati wa kutua, pale picha inapokatikakatika.

Gharama huamuliwa na soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama. 5800X3D huingia soketi ya AM4 pamoja na RAM yako ya DDR4. 7800X3D, ya kizazi kipya zaidi, hudai AM5, yaani ubao mama mpya na DDR5. Sasisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, la sivyo kompyuta inaweza kugoma kuwaka. Halafu feni ya kupoza prosesa: ile ndogo ya zamani haitoshi.