Chur hadi Tirano kwa treni: jinsi ya kupanga safari ya kushukashuka njiani

Reli inayotoka Chur, mashariki mwa Uswisi, hadi Tirano, Italia, hupanda hadi mita 2,253 kwenye stesheni ya Ospizio Bernina, kisha huteremka hadi mita 429. Hakuna reli ya meno, ile ya kusaidia treni kupanda mteremko mkali, ingawa kuna mahali inapanda mita 70 kwa kila mita 1,000. Njiani kuna mahandaki 55 na madaraja 196.

Wageni wengi hukimbilia Bernina Express, treni ya kitalii inayochukua kama saa nne. Kwa anayetaka kushuka njiani haifai: nafasi ya kiti ni lazima na hulipiwa mbali na nauli, vituo ni vichache, na vioo havifunguki, kwa hiyo picha hutoka na mng'ao. Treni za kawaida hupita reli ileile, karibu kila saa, bila kuweka nafasi, na baadhi ya mabehewa yana madirisha ya kufungua.

Tiketi ndipo watu wanapopotea. Tiketi ya kawaida ya Uswisi ina bei moja hata ukiinunua asubuhi ya safari, na inakuruhusu kushuka na kupanda tena utakavyo, mradi iwe siku hiyohiyo na kwenye njia hiyo. Tiketi za punguzo ni jambo jingine: zimefungwa kwa treni uliyochagua, ukiikosa umepoteza. Ukilala njiani nunua mbili, Chur–Pontresina na Pontresina–Tirano. Swiss Travel Pass, pasi ya watalii ya kusafiri Uswisi, inafika hadi Tirano, lakini hailipii nafasi ya kiti ya Bernina Express.

Siku ya kwanza, ondoka Zurich mapema. Hadi Chur ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Kaa upande wa kulia kuelekea kusini. Shuka Filisur, mwendo wa saa moja kutoka Chur, utembee hadi chini ya daraja la Landwasser, lenye urefu wa mita 65 kwenda juu, ambalo treni hulivuka ikikata kona na kuingia moja kwa moja kwenye handaki. Jipe saa mbili au tatu, maana treni ni nyingi na hutasubiri sana kuiona ikipita.

Kituo kinachofuata kiwe Bergün. Kutoka hapo hadi Preda kuna tofauti ya mwinuko ya zaidi ya mita 400, na reli inajizungusha mlimani mara kadhaa kuipanda. Kanisa la Bergün utaliona mara kulia, mara kushoto. Hapa upande wa kukaa hauna maana, simama tu. Badili treni Samedan, lala Pontresina. St. Moritz iko jirani, ila malazi yake kwa kawaida ni ghali zaidi.

Siku ya pili endelea kukaa kulia: barafu ya Morteratsch, kisha ziwa la Lago Bianco. Mwenye miguu mizuri ashuke Ospizio Bernina atembee hadi Alp Grüm, njia ya kuteremka, kisha apande treni huko. Theluji hubaki juu hata majira ya joto yakianza, kwa hiyo njia hii ni ya Julai hadi Septemba. Chini kabisa, Brusio, reli inajizungusha juu ya daraja la duara ili kupunguza ukali wa mteremko.

Vituo vidogo ni vya kuomba: usipobonyeza kitufe ndani ya behewa, au kile cha stesheni unapopanda, treni hupita. Novemba si mwezi mzuri. Nyaya za kupandisha watu milimani nyingi zimefungwa na hoteli nazo pia.

Kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, viza ya Schengen, inayotumika Uswisi na Italia, huombwa kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tembea na pasipoti yenyewe, si nakala. Mpakani ukaguzi hutokea.

Tirano ina stesheni mbili zinazotazamana kwenye uwanja mmoja. Treni ya Milano, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, hutoka ile ya Italia. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini, na kaa kulia tena: Ziwa Como liko upande huo.