Saponaria: itambue kwanza, ipande, kisha uinyime mbolea

Wanaoipenda saponaria, mmea wa maua unaotoa povu la kufulia, kwa kawaida huanza kwa kuulizia mbegu. Mimi nasema anza na macho na vidole, maana ina wenzake kadhaa wanaofanana nayo ukiwa mbali, na si wote watakaokupa povu. Ninayoizungumzia ni Saponaria officinalis, ile ya kudumu, yenye asili ya Ulaya na Asia ya Magharibi, ambayo majani na mizizi yake vimefua nguo tangu zamani sana, kabla sabuni ya mche haijafika kila duka.

Kuitambua

Shina husimama wima, kati ya sentimita 30 na 90, halina matawi mengi, na mara nyingi huwa na wekundu kidogo. Lipapase kutoka chini kwenda juu: kila linapotoka jani utagusa kifundo kilichovimba. Alama hiyo ni ya ukoo mzima wa karnesheni, kwa hiyo peke yake haitoshi, lakini ukiikosa usiendelee. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, karibu hayana kikonyo, na ni laini yasiyo na manyoya. Sasa chuma moja ulielekeze kwenye mwanga. Mishipa mitatu mikubwa huanzia pamoja kwenye kitako cha jani na kwenda sambamba kuelekea nchani. Nikishaiona hiyo mitatu, mashaka yangu hupungua sana hata kama mmea haujachanua.

Maua hutokea kileleni kwa mafungu, waridi hafifu au meupe, kila moja likiwa na petali 5 zenye mkato mdogo nchani. Chungulia kooni mwa ua: pale petali inapokunja kuingia ndani utaona vijilimi viwili vidogo vimesimama. Chini yake kuna kikombe cha kijani kilicho kirefu na chembamba kama mrija, sentimita mbili hivi. Kwa sababu ya urefu huo, nekta yake hufikiwa hasa na nondo wenye ulimi mrefu, na ndiyo maana harufu huzidi jioni. Mtu anayeinusa saa sita mchana akasema haina harufu, mwambie arudi jua likizama.

Anayewachanganya watu zaidi ni floksi wa bustani, kwa kuwa naye ni mrefu, ana maua ya waridi na majani yanayotazamana. Dawa yake ni rahisi. Shika ua kwa ncha za vidole uvute petali moja. Ya saponaria hutoka yenyewe, ikiwa na mkia mrefu mwembamba uliokuwa umejificha ndani ya kikombe. Za floksi zimeungana chini kuwa mrija mmoja, kwa hiyo huchomoka ua zima. Ukihesabu stameni, yaani nyuzi za kiume zenye chavua, floksi ana 5, saponaria ina 10.

Wa pili ni silene mweupe. Huyu ni ndugu wa kweli, vifundo anavyo, ila kikombe chake kimetuna na kina manyoya na mistari, na petali zake zimepasuka sana katikati. Tazama pia nyuzi za kike zinazochomoza katikati ya ua: saponaria huwa nazo 2, silene 3 au 5. Tunda likikauka, la saponaria hufunguka juu kwa meno 4 na kumwaga mbegu ndogo nyeusi zenye umbo la figo.

Kuna wanaotegemea povu: sugua majani mabichi kwa maji kidogo viganjani, ukiona povu umeipata. Kipimo hiki nakipenda, lakini kitumie mwisho, kama uthibitisho tu. Mimea inayotoa povu ni mingi, na baadhi ni sumu kali.

Kuipanda

Njia fupi ni kuomba kipande cha shina la chini ya ardhi kutoka kwa mtu aliyenayo. Atakupa kwa furaha, kwa sababu zitakazokuwa wazi muda si mrefu. Mashina hayo hutambaa kimlalo, yana rangi ya hudhurungi yenye wekundu nje na yamepauka ndani. Chagua kipande chenye angalau jicho moja lililovimba, kilaze kwenye mfereji wa kina cha sentimita 5, kifukie, mwagilia. Acha sentimita 40 hivi kati ya kipande na kingine. Msimu mzuri ni mwanzo wa majira ya kuchipua au wakati mmea umelala.

Kwa mbegu utahitaji subira. Zichanganye na mchanga wenye unyevunyevu, zifunge kwenye mfuko, uziweke kwenye friji wiki tatu au nne. Ubaridi huo huziamsha. Kisha zitawanye juu ya udongo wa kitalu, uzifunike kwa udongo mwembamba sana, na uweke trei mahali penye joto la kama nyuzi 20. Miche haitoki kwa pamoja, kwa hiyo usimwage trei kwa sababu ya wiki mbili za ukimya. Mwaka wa kwanza itakupa majani zaidi kuliko maua.

Jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji, basi. Sehemu zenye joto kali, ipe kivuli cha alasiri. Baridi haiisumbui: sehemu ya juu hunyauka, ya chini hubaki hai hata ardhi ikiganda.

Sasa kuhusu mbolea. Usiweke. Samadi na mboji zikizidi, mashina hurefuka yakawa tepetepe, halafu mvua moja ya upepo inalaza kitanda kizima. Kwenye udongo wa kichangarawe mmea hubaki mfupi, mgumu, na husimama bila nguzo. Kumwagilia nako ni hivyo hivyo. Ikishashika, iache ijitafutie.

Kuizuia

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Wahamiaji kutoka Ulaya waliipeleka Amerika Kaskazini, ikatoroka bustanini, ikajaa kando ya barabara na reli, na leo jimbo la Colorado nchini Marekani limeiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Kwa hiyo ipande ndani ya ndoo kubwa au pipa lenye matundu chini, ulizike ardhini na kuacha ukingo sentimita chache juu ya udongo. Kila mwaka pitisha sepeto kuuzunguka ukingo huo ukate vilivyoruka. Maua ya kwanza yakiisha, fyeka mashina kwa theluthi au nusu: mbegu hazitakomaa, na huenda ukapata maua ya pili. Vipande vya shina la chini ulivyong'oa vianike juani hadi vikauke kabisa. Ukivitupa vibichi kwenye lundo la mboji vitachipua humo humo.

Aina za maua yenye petali nyingi zilizorundikana, kwa mfano 'Rosea Plena', hutoa mbegu chache, ila chini ya ardhi zinatambaa vilevile, kwa hiyo usidanganyike.

Na usiipande ukingoni mwa bwawa la samaki. Saponini, ile kemikali inayotoa povu, huharibu matamvua yao na kuwaua. Kwa binadamu na mifugo huchafua tumbo, hivyo isiliwe.

Kuitumia

Majani na mashina chuma wakati mmea unachanua. Mizizi ina nguvu zaidi. Chimba ya mmea wa miaka miwili au zaidi, baada ya sehemu ya juu kukauka. Katakata kikombe kimoja cha majani na mashina mabichi, weka kwenye vikombe vitatu vya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 20, acha ipoe, chuja kwa kitambaa. Mizizi mikavu iloweke usiku kucha kwanza.

Usitarajie mapovu ya sabuni ya unga. Utapata povu jepesi, na maji yanayoteleza kidogo kati ya vidole. Kazi inafanyika hata hivyo: upande mmoja wa saponini hushika mafuta, upande wa pili hushika maji, uchafu ukaondoka. Haina ukali wa magadi, ndiyo maana inafaa sufu, hariri na vitambaa vya zamani, na wahifadhi wa makumbusho wameitumia kusafisha nguo dhaifu. Jaribu kwanza kwenye pindo, kwani maji ya majani yanaweza kuacha rangi kwenye kitambaa cheupe. Kwa hicho tumia mizizi. Ukioshea nywele, funga macho, inawasha.

Maji hayo huharibika upesi. Yaweke kwenye friji uyamalize ndani ya wiki, na yanayobaki yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji unaoelekea bwawani au mtoni.