Begi la mtoto la mgongoni: namna ya kulipanga mkitoka na familia

Nianze na siku niliyoachana na mkoba wa begani. Tulikuwa tunashuka boti kisiwa cha Mbudya hapa Dar, mnajua pale hakuna gati, boti inasogea karibu na mchanga alafu mnajirusha kwenye maji, siku hiyo yalinifika juu ya magoti, mkono wa kulia nimembeba bi mdogo wa miezi tisa, wa kushoto viatu vya familia nzima, na mkoba wa mtoto upo begani. Si ukateleza! Ukashuka mpaka kwenye kiwiko, mkono wa kuupandisha sina, jamaa wa boti anapiga kelele "braza shika mtoto, begi tutaliokota!" na kweli likaokotwa, ila limeshakunywa chumvi. Sijui kama umewahi kuona pampasi kavu zikiingia baharini, zinavimba kama maandazi yaliyozidishwa hamira. Masaa matano kisiwani mtoto tumemfunga kanga.

Wiki hiyohiyo nikaenda soko la Karume kutafuta begi la mgongoni la mtumba. Kama unanunua la mtumba usiangalie rangi kwanza, angalia zipu, ifungue na kuifunga mara kumi mbele ya muuzaji hata akikununia, maana zipu ndo inakufa kabla ya kitambaa. Alafu angalia mdomo, unatakiwa ufunguke mpana uone mpaka chini, yale yenye mdomo mwembamba utazamisha mkono mpaka bega unatafuta soksi. Mikanda iwe mipana na yenye sponji, ikiwa na kile kiklipu cha kifuani ndo bora zaidi coz mabegi yanateleza hata mgongoni ukiinama. Mifuko ya pembeni yenye lile karatasi la kung'aa ndani inasaidia chupa isipoteze joto haraka. Saizi lita 20 mpaka 25 inatosha, begi kubwa linajazwa tu, utabeba mpaka pasi. Na kama hela haijakaa vizuri begi la shule la kawaida linafanya kazi ileile, we tafuta vipochi vitatu vya zipu vya kugawanyia vitu ndani.

Sasa kabla ya kupanga mkubaliane nani anabeba. Mgongo ni mmoja jamani. Mama akishamfunga mtoto mbeleko hilo begi atalivaa wapi? Kwaiyo sheria ya kwetu ni kwamba aliyebeba mtoto habebi begi, baba chukua begi. Washkaji zangu waliniita mama mlezi mwezi mzima, leo wawili kati yao wananiuliza nilinunua wapi. Ukiwa peke yako mtoto akae mbele kwenye kile kibebeo cha kifuani na begi nyuma, ila yeye akiwa mgongoni kwa mbeleko begi livae mbele na lipunguze, maana ukiwa na uzito mbele na nyuma hauoni hata unapokanyaga. Na wenye vigari vya watoto, msining'inize begi kwenye mshikio, ukimnyanyua mtoto tu kigari kinapinduka chali na chupa zote.

Kupanga kwenyewe: kila kitu cha dharura ukipate kwa mkono mmoja bila kuangalia. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanapanga vizuri kama kabati, alafu mtoto anachafuka kwenye bajaji na pampasi ziko chini kabisa ya nguo. Mimi nina kitu nakiita kifurushi. Unatandaza makintoshi (shiti la plastiki lisilopitisha maji, ile ndogo, ikatwe saizi ya mtoto, sio ile ya leba nzima), juu yake weka pampasi mbili, pakiti ndogo ya waipsi na mafuta yake ya kujipaka, viringisha kama mkeka, funga na lastiki. Kinakaa mfuko wa mbele, peke yake. Mtoto akiharibu unachomoa kifurushi unaenda nacho chooni au nyuma ya mti, begi zima unaliacha kwa mwenzio, hauliweki kwenye sakafu ya choo. Ukishakitumia kiviringishe kingine hapohapo, usiseme baadae.

Idadi ya pampasi natumia hesabu ya kijinga tu, masaa ya kutembea gawa kwa mawili alafu ongeza mbili. Masaa sita ni tano. Za akiba zinakaa ndani kabisa, zilale bapa upande wa mgongo wako zinakuwa kama sponji. Vitu vizito kama maji viwe katikati na karibu na mgongo, ukiviweka mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma na jioni kiuno kinaongea. Nguo zifunge seti seti, suruali fulana na soksi zimeviringishwa pamoja, seti mbili. Na tisheti moja ya mtu mzima! Hii hakuna anayekumbuka mpaka atapikiwe. Kanga ibebe doti nzima, moja mbeleko, nyingine ya kivuli, ya kunyonyeshea, ya kukalia, ya kukaushia, sijaona kitu cha dukani kinachofanya kazi zote hizo.

Chakula ndo pa kuwa makini. Mtoto chini ya miezi sita anayenyonya habebewi kitu, hata maji hapewi, mama yupo basi, hapo begi jepesi. Wa maziwa ya kopo usimtengenezee nyumbani ukatembea nayo kwenye jua la Dar, beba unga mkavu umeupima kwenye kikopo kisafi, na maji uliyochemsha ukayaweka kwenye chupa ya chai nzuri yakiwa ya moto kabisa, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanataka maji yasipungue nyuzi 70 wakati unakoroga ili yaue vijidudu vilivyomo kwenye unga. Ukishakoroga poza kwa kuizamisha chupa ya mtoto kwenye maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono kwa ndani pale kwenye mshipa, mpe. Ikipita saa moja tangu aanze kunyonya kilichobaki mwaga, najua yanauma coz kopo ni bei, mwaga tu. Chupa ya chai isimame wima mfuko wa pembeni na mtoto asifikie, mdogo wa kutambaa anafungua kila kitu. Ya mama yaliyokamuliwa yakae kwenye kipochi cha barafu. Ndizi weka kwenye kikontena, ukiitupia ndani ya begi utaikuta imekuwa mtori.

Uchafu sasa. Zamani tulikuwa tunafunga kwenye rambo tunatupa, tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Bongo, kwaiyo tafuta kopo la aiskrimu lenye mfuniko unaobana, au kile kimfuko cha zipu kisichopitisha maji. Pampasi chafu viringisha, bana na ile gundi yake, kopo, funika, hamna harufu. Msizifukie mchangani jamani, Mbudya ni hifadhi ya bahari na bahari inafukua, wiki ijayo mtoto wa mwenzio anaiokota anadhani samaki. Rudi nayo mjini. Na mliopo Kenya, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, kwaiyo mkienda msitu wa Karura kabebeni maji kwenye chupa ya kudumu, ya dukani mtaiacha getini.

Vingine vifupi vifupi. Kofia ya kufunga kidevuni. Mtoto chini ya miezi sita akae kivulini tu, mafuta ya jua sio ya umri wake. ORS (ile chumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha) pakiti moja, soma pakiti inataka maji kiasi gani. Funguo na simu zikae kale kamfuko kanakogusana na mgongo wako, na kwenye daladala begi geuza mbele kabla konda hajakwambia, sio kwa sababu ya nafasi tu, vijana wa zipu wapo. Mkifika ning'iniza begi kwenye mti au nguzo ya banda, ukiliweka chini sisimizi wanajua kopo la maziwa liko wapi kuliko wewe.

Usiku huohuo mkirudi, hata umechoka vipi, toa vitu vyote nje. Mimi niliwahi kuacha nguo mbichi ndani siku tatu, kuvu likapanda mpaka kwenye mikanda na mama watoto akataka kulitupa dirishani. Geuza begi kung'uta mchanga, futa ndani na kitambaa chenye sabuni, liache wazi likauke. Rudisha pampasi, viringisha kifurushi kipya, maziwa tu ndo yanasubiri asubuhi. Meno ya zipu pitisha mswaki wa zamani kutoa mchanga alafu paka mshumaa mkavu juu chini, inateleza kama mpya, langu lina miaka miwili na bi mdogo ameshaacha pampasi, sasa hivi linabeba mihogo ya Coco Beach.