Lensi laini zinakukausha macho? Anza na kope kabla ubadilishe lensi

Kazi yangu ni kupima macho hapa Nakuru, na vumbi la Januari na Februari likishaanza kupanda, mteja baada ya mteja anaingia na neno moja: daktari, hizi lensi zimekataa, nipe zingine. Mara nyingi sitoi. Si ati lensi, hizi za plastiki laini zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, hazina makosa, ziko nayo, lakini ukibadilisha lensi kabla uangalie machozi na kope utanunua boksi baada ya boksi na jioni macho bado yanachoma. Utaratibu ninaofuata ndio huu, na mwingi wake unaweza kuanza nyumbani leo.

Kwanza ujue kinachofanyika huko ndani. Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikisha kwa jicho, katikati maji, halafu juu kabisa kuna mafuta kidogo yanayotoka kwa tezi zilizojipanga kwenye ukingo wa kope, na kazi ya hayo mafuta ni kuzuia maji yasiruke hewani na kukauka. Utando wote una unene wa maikromita 3 hivi, yaani chukua milimita moja uigawe mara elfu, kisha uchukue tatu. Sasa hapo ndipo unaweka lensi ambayo pale katikati mara nyingi ina maikromita 70 mpaka 100. Machozi yanagawanyika, mengine yanabaki chini ya lensi, mengine juu, na shida kubwa ni hayo ya juu, mafuta hayatandi vizuri juu ya lensi, utando unakatika haraka, maji yanaruka, uso wa lensi unakauka na kila ukipepesa kope inasugua pakavu. Ndio maana asubuhi uko sawa na ikifika saa kumi na moja jioni unahisi kuna mchanga.

Hatua ya 1: jua kama ni lensi ama ni jicho

Vaa miwani siku kadhaa bila kuchanganya. Kuchoma kukiisha, lensi au dawa unayoilazia ndiyo ya kushuku. Kukiendelea hata na miwani, jicho lenyewe lilikuwa kavu na lensi imeongezea tu. Halafu, bila lensi, pepesa mara mbili tatu, kodoa macho mbele na uhesabu sekunde. Ukishindwa kufika 10 kabla ya kuanza kuchomeka, kuna jambo. Hicho si kipimo rasmi, kliniki tunaweka rangi ya njano na kutazama kwa taa ya bluu utando unakatika baada ya sekunde ngapi, na tunatoa lensi kwanza sababu hiyo rangi inaingia kwa lensi laini na kuiharibu.

Na usiniambie macho yako hayawezi kuwa makavu ati kwa vile yanatiririka ukipigwa na upepo. Jicho kavu likiwashwa linamwaga maji mengi kwa mpigo, lakini hayana mafuta ya kutosha, yanashuka shavuni na ukavu unabaki pale pale.

Hatua ya 2: kope, na hapa usiharakishe

Toa lensi. Chovya kitambaa safi kwa maji moto ambayo ngozi ya ndani ya mkono inavumilia bila kuungua, kamua, weka juu ya macho uliyofunga kwa dakika 10. Wengi hukosea kwa kuweka kitambaa kimoja mpaka kinapoa, na kinapoa upesi sana, kwa hivyo weka thamosi karibu na uwe unachovya tena. Mafuta yaliyoganda kwa tezi yanataka joto linalokaa. Ukimaliza, sukuma taratibu kwa kidole safi, kope ya juu kuelekea chini, ya chini kuelekea juu. Fanya kila siku, na usipime matokeo kabla ya wiki kadhaa.

Wanja pia. Ule mstari unaochorwa ndani kabisa ya ukingo wa kope unapita juu ya midomo ya zile tezi na kuziba, halafu vipande vinaelea mpaka kwa lensi. Chora nje ya kope, utapendeza tu.

Halafu kupepesa. Mtu akipiga stori anapepesa mara 15 hivi kwa dakika, akishika simu au kompyuta inashuka sana, na hata hizo chache ni nusu nusu, kope haifiki chini. Ukiwa kazini jikumbushe kufunga macho kabisa, polepole, mara kadhaa.

Hatua ya 3: sasa ndio tuongelee lensi

Lensi ya mwezi ni ya mwezi, hata kama ulivaa siku chache. Protini na mafuta ya machozi yanaigandia, na ikishachafuka machozi hayatandi juu yake. Kama mfuko unaruhusu, za siku moja ndizo napendekeza kwa mtu mkavu, unatupa jioni na dawa ya kulazia huhitaji.

Usidanganywe na asilimia ya maji kwa boksi. Plastiki ya kina Otto Wichterle wa Czechoslovakia, ile ya lensi laini za mwanzo, ina maji asilimia 38 hivi, leo kuna zinazopita 70, na mtu anadhani maji mengi ni jicho lenye unyevu. Mara nyingi ni kinyume, lensi ni kama sponji, ile yenye maji mengi ndiyo inayoyapoteza mengi, halafu inakaza. Zile za silikoni zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 90 zinapitisha oksijeni vizuri zaidi, ila hiyo si ahadi kwamba ukavu utaisha.

Za rangi zinazouzwa salon bila kupimwa, na kuazimana siku ya harusi, hapana.

Hatua ya 4: dawa na matone

Sugua lensi kwa dawa yake hata kama chupa inasema si lazima. Usiongeze dawa mpya juu ya ya jana. Maji ya mfereji, ya kisima, hata ya kunywa ya dukani, yasiguse lensi wala kikasha, kuna kimelea anaitwa akanthamiba anayeishi humo na akiingia kwa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, anaweza kukupofusha. Matone tafuta yasiyo na kihifadhi na yaliyoandikwa ni ya kutumia na lensi. Yale ya kufanya jicho jekundu liwe jeupe yaache kemisti.

Hatua ya 5: upepo

Boda kutoka Lanet mpaka tauni, shusha kioo cha helmeti au vaa miwani. Feni isikupige usoni. Na kama unameza vidonge vya aleji kila siku niambie, baadhi hukausha macho.

Jicho likiuma kweli, likawa jekundu, likikataa mwanga au kuona ukungu, hapo kitambaa na matone weka kando. Toa lensi, usilale nayo, fika kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, na lensi usitupe, kuja nayo pamoja na kikasha chake maana maabara inaweza kupata kimelea humo.